Chupa ya Maji Iliyorudi Imejaa

Jumapili ile nilikuwa nasafisha gari. Nimetoa godoro, nimekung'uta mchanga, nimeokota maganda ya machungwa ya Muheza yaliyokauka yakawa magumu kama ngozi ya ngoma. Chini ya kiti cha abiria mkono ukagusa chupa ya maji. Lita moja na nusu. Kizibo hakijaguswa.

Chupa hiyo nilimpa mama kwa mkono wangu, jua likiwa bado juu ya mivinje.

Nikamwita kitindamimba wetu, ambaye usiku ule alilala na bibi yake ndani ya gari. Ana miaka saba na kuficha jambo bado hajajifunza.

"Bibi alisema akinywa itabidi ashuke usiku. Na choo kiko mbali, na mchanga unazama, na taa imezimika."

"Kwa hiyo akalala na kiu?"

"Hakulala. Alikaa tu."

Asubuhi ya siku ile mama aliniambia amelala vizuri. Tena alinishukuru.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu tangu turudi kutoka Tanga. Leo ni wiki ya saba, na chupa ile iko juu ya kabati la jikoni. Hakuna aliyeifungua, wala sijui naihifadhia nini.

Orodha ya kaka

Kaka yangu anaishi Texas. Kila kiangazi anakodi gari-nyumba, lile kubwa kama basi la mkoani, anazunguka nalo na familia, na sisi huku tunapokea video. Gari linaingia kwenye kiwanja cha kuegesha magari ya kulala, linasimama juu ya zege iliyosawazishwa. Pembeni kuna nguzo fupi ya umeme, bomba la maji na tundu la maji taka. Anaunganisha vitatu hivyo, anakunjua kiti, kazi imekwisha.

Nguzo yenyewe ina soketi ya ampea 30 au ya ampea 50, na kaka anaweza kukueleza tofauti yake mpaka chai ikapoa. Ile ya 30 inakupa wati 3,600 hivi, kwa hiyo ukiwasha kiyoyozi na maikrowevu kwa pamoja, inakata. Ile ya 50 ina njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000, na hapo unawasha viyoyozi viwili na jikoni wanaendelea kupika. Kuna na viwanja unavyoingilia upande huu na kutokea upande ule, huhitaji kurudi nyuma na mke amesimama anapiga kofi bodi la gari, "Njoo, njoo, njoo, basi!" Na sehemu nyingi kuanzia saa nne usiku ni kimya, mwenye muziki akaupigie nyumbani kwake.

Sisi tuna Hiace kuukuu. Baba watoto aliing'oa viti kwa fundi wa Gerezani, wakapigilia kitanda cha mbao, wakaweka betri moja, sola ya wati 200 juu ya paa, na jiko dogo la gesi. Tunaiita "nyumba". Majirani wana jina lao.

Tulipomwambia kaka kwamba tunaipeleka Tanga, akatuma orodha ya mambo kumi na sita ya kuuliza kabla ya kulipia kiwanja. Nikaipokea kama tunavyopokea ushauri wa mtu wa ng'ambo, kwa mikono miwili. Nikapiga simu sehemu moja ya pwani, kati ya Kigombe na Pangani. Jina sitalitaja, na mkiendelea kusoma mtaona kwamba kosa si lao.

Umeme upo? Upo. Maji? Yapo. Choo na bafu? Vipo, safi kabisa dada. Intaneti? Ipo, ukisogea karibu na kaunta. Bei? Kwa kichwa, si kwa gari. Mna picha? Zikaingia tatu: gari jeupe chini ya minazi, bahari imejaa imefika kwenye ngazi. Nikatuma nusu ya pesa saa ileile.

Upo, yapo, vipo. Kila jibu lilikuwa la kweli.

"Na mimi nipo hai"

Tulishika njia ya Bagamoyo baada ya alfajiri, tukatokea Msata, Segera tukakunja kulia, Muheza tukanunua machungwa kupita kiasi kama kila mtu. Mchana tukawa Makorora kwa mama.

Shikamoo, marahaba, maji ya kunawa, wali wa nazi. Ndipo nikasema kwamba hatulali pale, tunakwenda pwani, na yeye anakuja nasi.

"Nyumba ipo, vitanda vipo, na mimi nipo hai. Mnakwenda kulipa mlale ndani ya gari?"

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi, hata mwanao wa Marekani anafanya hivyohivyo. Nikamwambia atapata hewa ya bahari, nikasahau kwamba mwanamke huyu amekulia Muheza, amezeekea Tanga mjini, na hewa ya bahari amekuwa nayo kabla sijazaliwa. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, na sisi tulikuwa tunaondoka hata vyombo havijaoshwa.

Akavaa baibui, akachukua msala wake na ndala, akaingia kiti cha mbele. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo baba watoto alimwekea kreti ya soda akanyagie. Hilo la kreti tulilifikiria vizuri sana. Tulipanga kreti ya kupandia garini, na mtu akisha kupanda tukaona mambo yamekwisha.

Mwezi umeandama lini?

Mahali penyewe pazuri, sitasema uongo. Tulifika saa kumi jioni, maji yamejaa, buluu tupu, sawasawa na picha. Baba watoto akaliingiza gari mstari wa mbele kabisa, chini ya minazi miwili, pua inatazama bahari. Nikapiga picha, nikamtumia kaka.

Mama hakushuka kwanza. Alifungua kioo akatazama juu kwenye makole ya nazi, kisha akatazama chini, kwenye utepe wa mwani mkavu uliopita nyuma yetu. Nasema nyuma yetu. Sisi tulikuwa tumeegesha upande wa bahari wa ule utepe, ndani ya mpaka wa maji.

"Mwezi umeandama lini?"

"Juzi, mama."

"Basi ni bamvua hili. Ondoeni gari."

Baba watoto hakubisha, mkwe habishi. Tukarudi nyuma hadi kwenye mivinje, mti usio na kitu cha kukuangukia kichwani zaidi ya vijiti vyake. Akaweka bakuli la maji juu ya jiko kupima kama gari limekaa sawa, akasukumia vipande vya mbao chini ya gurudumu la kushoto mpaka maji yakatulia katikati. Kaka anasema kwao kusawazisha ni lazima, kwa sababu friji zile za gesi zisizo na kompresa hazipoozi vizuri gari likiinama, na zinaweza kuharibika. Sisi hatuna friji. Tunasawazisha ili damu isishukie kichwani.

Kwa walio mbali na pwani: kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa yamekwenda zake. Kwa hiyo picha ya bahari kwenye ngazi ni picha ya saa kumi. Saa nne watoto wanatembea juu ya mwani na mawe kutafuta mahali pa kujilowesha magoti. Ukipelekewa picha ya ufukwe, uliza imepigwa saa ngapi na mwezi ulikuwa wa ngapi. Hilo kwenye orodha ya kaka halipo, maana anakokwenda yeye kiwanja kipo katikati ya jangwa.

Na alfajiri maji yalikuja kweli. Tuliyaona mapema asubuhi yameacha utepe mpya, na alama zetu za matairi pale chini ya minazi hazikuwepo.

Nimelirudia sana swali lile la mama. Mwezi ulioandama juzi unakwambia mambo mawili: maji yatakuwa makubwa na usiku utakuwa wa giza. Nikasikia la maji. La giza lilipita.

Jagi la umeme

Kusi lilikuwa linavuma. Mwezi wa nane, mnajua. Uzuri wake linafukuza mbu, ubaya wake linazima jiko. Mara tatu moto wa gesi ulilala, mara ya nne wali ukaingia mchanga. Kule nyuma ya mivinje, penye kinga ya upepo, moto ungesimama lakini na mbu wangesimama nao. Tukabaki na upepo.

Sasa hapo ndipo umeme ulipotuponza. "Upo" ya kwenye simu ilikuwa na maana ya waya mrefu uliotoka kwenye soketi ya jikoni kwao, ukapita dirishani, ukatambaa mchangani hadi kwetu. Nusu yake bado ilikuwa imezungushwa kwenye roli. Baba watoto akachomeka jagi la umeme tupate maji ya chai, na baada ya dakika chache roli ikawa ya moto, harufu ya plastiki inapanda. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Tukaukunjua wote, tukachemsha tena, tukanywa. Chai yenyewe haikuwa na ladha, maji ya kisima cha pale yana chumvi kidogo, sabuni unasugua povu halitoki. Mama alionja kikombe kimoja akakiweka chini kwa adabu. Ndipo nilipompa ile chupa.

Saa nne usiku baba watoto akataka kahawa. Jikoni kwao wameshafunga, mpishi kaondoka na ufunguo. Akawasha jagi, umeme ukakata. Kwetu halikuwa jambo, tuna betri, tuna taa ya sola, tukacheka tukaingia kwenye kihema chetu kilichotazama baharini.

Hatukutazama nyuma. Nyuma ndiko kulikokuwa na choo.

Nimelala vizuri, mwanangu

Nilipoipata chupa, wazo la kwanza lilikuwa kumlaumu mwenye kiwanja. Choo mbali, njia haina sakafu, taa inazimika. Nilianza hata kuandika maoni ya hasira pale ambapo wageni huandika. Aya mbili nzima. Nikafuta, kwa sababu nilijaribu kuandika choo kipo hatua ngapi kutoka kwenye gari, nikagundua sijui. Nilikwenda mara nne, mchana, miguu yangu mizima, naongea na simu. Sikuhesabu kwa kuwa sikuwa na haja ya kuhesabu.

Wazo la pili lilikuwa kumlaumu mama. Kwa nini asiseme? Mimi ni mtoto wake, nimelala hatua tano kutoka alipo.

Nikampigia. Nilizunguka kwanza, nikauliza habari za magoti, za jirani aliyefiwa, za bei ya samaki. Kisha nikamwambia nimeiona chupa.

Akanyamaza kidogo. "Yameshapita hayo."

"Kwa nini hukuniamsha, mama?"

"Nikuamshe vipi? Mmelala wawili kwenye kihema, mkwe wangu yumo. Mimi mama mtu nije usiku nigonge turubai?"

Sikuwa na jibu. Kihema hakina mlango wa kubishwa hodi kwa heshima. Nyumbani Makorora angetoka chumbani kwake, akashika ukuta wa korido, akafika, akarudi, na hakuna ambaye angejua. Ukuta wa korido! Nimeishi katika nyumba ile miaka ishirini na sikuwahi kuona kwamba rangi imechubuka mstari mmoja, usawa wa kiganja.

Nilidhani simu imeishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza amekaa.

"Yule kijana mlinzi mguu umepona?"

"Mlinzi gani?"

Ikaja hadithi nzima. Kumbe mlinzi alipita saa sita, akaona mlango wa gari uko wazi kidogo na bibi amekaa kitandani. Akamletea kiti cha plastiki, kile kilichopasuka mgongo. Mama akashuka kwenye kreti yake, akakaa mlangoni pa gari ili mjukuu amwone. Kijana ni Mzigua wa Handeni, ana kidonda mguuni hakifungi. Mama ni Mbondei. Mkiwakuta Mbondei na Mzigua usiku hamtalala hata mkitaka, maana lugha zinasikilizana na utani umo humo. Wakala machungwa yetu. Mama akamwelekeza aende kituo cha afya, asiendelee kuweka unga wa vidonge. Yeye kijana ndiye aliyemweleza kwamba taa ya njia ya chooni iko laini moja na soketi ya jikoni, na imekatika kwa sababu wageni wamewasha jagi.

"Wageni gani?" nikauliza, kama mjinga.

"Wageni," akasema mama.

Nikamuuliza kwa nini basi hakumwomba yule kijana amsindikize na tochi.

"Ningemwambia nini, mtoto wa watu? Nipeleke chooni?" Akacheka. "Nilingoja kupambazuke. Si nilikwambia nimelala vizuri? Nilipata mtu wa kuongea naye."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo. Nilikuwa nimeshajipangia usiku wa mateso, mama yangu gizani, midomo imekauka, peke yake. Na midomo ilikauka kweli. Lakini peke yake hakuwa, na nilivyomsikia kwenye simu, sehemu ile ya safari ndiyo aliyoipenda. Ufukwe hakuutaja hata mara moja. Sasa mahali pale palimfaa au hapakumfaa? Mlinzi aliyepita, akaona, akaleta kiti: hilo nalo ni la kiwanja, tena halikuwemo kwenye picha wala kwenye orodha. Ningekuwa nimeandika yale maoni ya hasira, angeyasoma bosi wake.

Baba watoto nilimweleza habari ya jagi. Hakusema kitu. Kesho yake nilimkuta kwenye gari anapima sehemu ya kubandika taa ndogo ya betri nje ya mlango wa nyuma, na ndoo mpya yenye mfuniko iko pembeni, bado ina bei.

Bagamoyo

Mama anataka kwenda tena. Alisema yeye mwenyewe, sikumwomba. Safari hii atakuja Dar kwanza kumwona dada, na nimependekeza Bagamoyo kwa kuwa ni karibu, kama kilomita 70, hata mambo yakiharibika usiku tunarudi kulala nyumbani. Kaka alipopata habari akaniuliza umeme wao ni wa ampea ngapi. Nikamwambia sijauliza. Akasema nitakosa usingizi.

Jana nilipiga simu sehemu mbili. Ya kwanza yule dada alianza mwenyewe: umeme upo, maji yapo, intaneti ipo. Nilipomuuliza njia ya chooni ina sakafu au ni mchanga, akasema, "Ni ya kawaida," na nilipouliza tena, akasema kuna wazungu huwa wanakuja na hawajawahi kulalamika. Nikamshukuru.

Ya pili alipokea mzee. Sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi wa mchana. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia nakuja na gari, na ndani ya gari kutakuwa na mama yangu, magoti yake hayamsaidii, anaamka usiku.

"Kutoka gari linapokaa mpaka chooni ni hatua ngapi, mzee wangu?"

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hatua za nani?" akauliza.

"Za mama yangu."

"Ngoja."

Nikasikia kiti kinasogezwa, ndala zinavutwa kwenye zege, kuku wanapisha. Hakukata simu. Alikuwa anatembea polepole sana, polepole kuliko mzee anavyotembea, na alikuwa anahesabu kwa sauti, saba, nane, tisa, akapita mahali penye upepo sauti ikapotea, ikarudi yuko ishirini na nne. Nilikuwa nimesimama jikoni, simu sikioni, sitaki hata kupumua nisije nikampoteza.